Fundi wa kiyoyozi na maswali yangu: uzoefu wangu hapa Arua

Nianze na hukumu ili mwenye haraka aende zake. Kiyoyozi kinafanya kazi, mama analala, na kampuni iliyokifunga naipa nyota tatu kati ya tano. Mbili nimezizuia kwa sababu kazi nzuri niliipata, lakini niliipata kwa kubishana. Mteja asiyependa kubishana angeachiwa kazi nyingine kabisa, kwa bei ileile.

Naishi na mama mtaa wa Oli. Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma, bati juu, dari nyembamba, na chumba cha mama kinatazama magharibi. Anayeijua Arua ya Januari na Februari hahitaji kuelezwa. Saa nne usiku ukiweka kiganja kwenye ule ukuta bado una joto kama birika lililoteremshwa jikoni sasa hivi. Mama ana presha, na feni ilikuwa inamzungushia hewa ileile ya moto mpaka alfajiri. Enzi za umeme wa zamu, mtu akikuambia ananunua AC ungemuuliza kama ameota. Baada ya West Nile, eneo letu hili la kaskazini magharibi mwa Uganda, kuunganishwa na gridi ya taifa ndipo nilianza kupiga hesabu.

Mashine niliinunua Kampala: invata, aina inayopunguza kasi yenyewe chumba kikipoa, nguvu ya kupoza BTU 12,000, gesi ya R32, shilingi 2,100,000. Ikaja kwa basi la usiku, vipande viwili: mashine ya ndani, na ya nje yenye kompresa, ile pampu inayozungusha gesi kwenye bomba za shaba kati yao. Chumba kina mita 4 kwa mita 4 na nusu, kwa hiyo ukubwa huo unatosha, na duka halikunisukumia ya BTU 18,000 kama nilivyoogopa. Kampuni ya ufungaji nikaipata hapahapa mjini. Bei waliyoandika ni 400,000, "kazi yote pamoja", bomba za shaba mita 3 zikiwa ndani ya bei, na kila mita ya ziada 45,000. Nikatoa nusu kwa simu.

Jambo moja mlijue kuhusu mimi, maana bila hilo maswali yangu yataonekana kiherehere. Kazini ninatunza stoo ya chanjo. Majokofu yetu lazima yakae kati ya nyuzi 2 na 8, tunaandika asubuhi na jioni, na jokofu likigoma nasimama pembeni ya fundi mpaka limalizike. Sijui kufunga hata balbu vizuri. Ila nimesimama pembeni ya mafundi miaka mingi, na mzee mmoja aliyekuwa akija kuyatengeneza alikuwa na tabia ya kueleza kila anachofanya, hata kama hujamuuliza. Kwake ndiko nilikosikia kwamba adui wa mashine ya baridi ni maji, hata yale usiyoyaona kwa macho.

Walikuja Jumamosi saa tatu, fundi na pota (msaidizi) wake, kwa boda mbili. Fundi ni kijana wa miaka thelathini na kitu, mpole, amemsalimia mama kwa adabu zote. "Hajati, leo utalala kama uko Nairobi." Mama akacheka, akampenda palepale. Tangu dakika hiyo kila nilipouliza swali nilikuwa nauliza mbele ya hakimu aliyekwisha kuamua.

Tundu la ukutani alilitoboa vizuri, limeinama kidogo kwenda nje ili maji ya mvua yasirudi ndani. Umeme tulibishana kidogo tu. Alitaka kuuvuta kutoka kwenye soketi ya chumba, nikamwambia nataka laini yake peke yake kutoka kwenye boksi la breka, waya wa milimita 2.5 na ethi (waya wa ardhi) yake. Akakubali bila neno, akanituma dukani. Nikaongeza na kifaa cha kukata umeme ukipanda au ukishuka kupita kiasi, maana volti zetu za jioni kila mtu anazijua. Alipopima saa moja usiku mita ilisoma 208, wakati ilipaswa kuwa 240.

Kero ilianzia kwenye bomba.

Nilitoka nje nikakuta pota ameziweka bomba za shaba chini kwenye mchanga, midomo wazi, na kuku wa jirani wanapita juu. Zile bomba zinakuja kiwandani zimezibwa kwa vifuniko, na si kwa urembo. Nikauliza kwa nini hazijafunikwa. Pota akamtazama fundi, fundi akaniambia mimi, "Mama, tutazipuliza." Nikaokota mifuko ya plastiki, nikaifunga midomoni kwa raba bendi mimi mwenyewe, nao wakanitazama kama mtu anayewavisha mbuzi soksi.

Halafu ikaja kuchanua midomo ya bomba, ili ishike kwenye nati. Alikata kwa kikatio, hilo sawa, lakini hakukwangua ukingo wa ndani, na alipochanua sikuona tone la mafuta. Kukaza akakaza kwa ile spana inayopanuka na kufinyika, yenye jina ambalo siwezi kuliandika kwa kuwa mama anasomewa haya. Alikaza mpaka mshipa wa shingo ukatokea. Kitabu kilichokuja kwenye boksi kimeandika nguvu ya kukaza kila nati, na kwa ile ndogo ya robo inchi ni kidogo sana kuliko mtu anavyodhani, nyutoni mita 14 hadi 18 hivi. Shaba ni laini. Ukiilegeza inavuja, na ukiizidishia inapasuka, ikavuja vilevile.

Nilimwonyesha ukurasa. Akasema, "Hiyo ni ya Wachina wenyewe huko kwao. Mkono wangu unajua."

Sikumjibu, kwa sababu saa moja kabla mimi ndiye niliyekuwa nimeumbuka kwa kitabu hichohicho. Mashine ya ndani na ya nje zilikuwa karibu sana, ukuta mmoja tu katikati, hata mita mbili hazifiki. Nikamwona anatumia mita tatu nzima na kuizungusha iliyobaki kwa nyuma kama nyoka aliyelala. Nikasema moyoni: ndiyo hiyo, anataka kesho aniambie mita zimeisha. Nikamwambia akate fupi, anibakizie kipande changu. Akakataa. Nikapandisha sauti. Akasema kwa upole, "Chini ya mita tatu haiwezi, itapiga kelele na kompresa haitakaa sawa." Nikaenda kuleta kitabu ili nimwaibishe, nikafungua, nikakuta imeandikwa wazi: urefu mdogo kabisa wa bomba, mita 3. Nikakifunga kitabu polepole. Mama akaniambia kwa Kinubi neno moja ambalo pia halitafsiriwi.

Vilevile mahali pa mashine ya nje nilikosea. Mimi nilitaka iingie kwenye kichochoro kati ya nyumba na ukuta wa jirani, isionekane na wezi. Fundi akasimama pale, akanyoosha mkono ukagusa ukuta wa pili, akasema joto lote litakalotoka litagonga hapa lirudi palepale, mashine ivute moto wake yenyewe. Ikawekwa juu kwenye ukuta wa kando ambako mbele kuko wazi, kwa vyuma na bolti ndefu. Wavu wa kuzuia wezi nikachomelesha baadaye, wenye matundu mapana.

Kwa hiyo si fundi mjinga huyu, na ndiyo maana kilichofuata kiliniudhi zaidi.

Alipomaliza kuunganisha, akachukua spana yake, akalegeza nati moja kidogo, akaenda kwenye valvu ya mashine ya nje na ufunguo wa pembe sita mkononi. Nikamuuliza, "Pampu iko wapi?"

"Pampu ya nini, mama?"

"Ya kunyonya hewa kwenye bomba."

"Hatutumii hiyo kwa mashine ndogo. Nafungua gesi kidogo, inasukuma hewa inatoka hapa, fyuu, nafunga. Sekunde kumi."

Hapa niseme kwa kirefu kidogo, kwa sababu najua wengi mmefungiwa hivyo na hamkuambiwa. Gesi inakuja imejazwa ndani ya mashine ya nje. Bomba na mashine ya ndani zina hewa ya kawaida, na hewa ya kawaida ina unyevu. Kabla gesi haijafunguliwa, hewa hiyo lazima itoke yote, na njia ya kuitoa ni pampu inayonyonya mpaka ndani kusibaki kitu, na hata yale maji kidogo yaliyonata kwenye kuta za bomba yachemke bila moto na kuondoka kama mvuke. Kupuliza kwa gesi kunaisukuma sehemu ya hewa, lakini unyevu unabaki. Mafuta ya kompresa za siku hizi yanapenda maji kama chumvi wakati wa masika. Yakishayanywa, yanaanza kugeuka asidi, na asidi inakula nyaya za ndani ya kompresa taratibu. Mashine haifi leo. Inakufa mwaka wa pili au wa tatu, fundi ameshabadilisha namba ya simu, nawe unasema umeme wa Arua ndio ulioiua.

Tena ile gesi unayoipuliza umeilipia. Kibandiko cha mashine yangu kimeandika gramu 620. Kila "fyuu" inapunguza humo, na mizani hana ya kujua imebaki kiasi gani. Na R32 inashika moto, si kwa urahisi kama gesi ya kupikia, lakini inashika, na pota alikuwa ameegemea ukuta na sigara sikioni akisubiri ruhusa. Sitaki hata kuingia kwenye habari ya joto la dunia, ingawa ilikuwa hapa jirani, Kigali, mwaka 2016, ambako mataifa yalikubaliana kupunguza gesi za aina hii. Kilo moja ya R32 ikienda hewani inapasha dunia kama kilo 675 za kaboni dayoksaidi kwa hesabu ya miaka mia.

Nilimwambia machache tu kati ya hayo. Akanijibu jibu ambalo kila mteja wa Uganda amewahi kupewa: "Mama, sisi tumefunga hivi Koboko mpaka Paidha, miaka kumi, hakuna aliyelalamika."

Nikamwambia, "Inawezekana. Lakini hiyo valvu usiifungue."

Akaweka ufunguo chini. Akampigia bosi wake, akaweka sauti nje ili nisikie jinsi ninavyosumbua. Bosi akasema pampu wanayo, ila iko kwenye kazi Nebbi. Yaani wanayo! Nikasema nitasubiri. Mama kutoka ndani: "Mwache mtoto wa watu amalize kazi, mimi nataka kulala." Ule usiku wa Jumamosi ulikuwa mrefu kwangu. Mashine mpya imening'inia ukutani, imezimwa, na mama anajipepea kwa kifuniko cha ndoo huku akihakikisha nasikia.

Jumatatu walirudi na pampu, na pamoja na pampu wakaleta bei: 80,000 zaidi. Nikatoa karatasi yao, "kazi yote pamoja". Bosi kwenye simu akasema kazi yote maana yake kazi ya kawaida. Nikamuuliza kama kazi ya kawaida ndiyo ile ambayo kitabu cha mashine kimeikataza. Akanyamaza kidogo, akashuka mpaka 40,000. Nikalipa. Najua sikupaswa kulipa, lakini nilikuwa nimelala saa tatu kwa siku mbili.

Fundi akafunga geji, mshale ukashuka mpaka chini kabisa ya sifuri, pampu ikanguruma nusu saa. Kisha, bila kuambiwa na mtu, akafunga valvu ya geji, akazima pampu, akasema, "Sasa tuangalie." Hilo nampa heshima, hakuwa na haja ya kulifanya.

Tukachuchumaa watatu mbele ya ile geji kama watu wanaosubiri chungu kichemke. Dakika ya kwanza mshale ulitulia. Ya tatu nikadhani macho yananidanganya. Ya tano pota akasema kwa sauti ndogo, "Unapanda." Na kweli ulikuwa unapanda, taratibu, kama mshale wa saa: hewa ilikuwa inaingia mahali.

Hakuna aliyesema kitu. Fundi akakuna kichwa, akachukua spana, akafungua ile nati ya robo inchi aliyoikaza kwa mshipa wa shingo. Akageuza mdomo wa bomba kwenye mwanga, akanipa mimi niangalie. Kwenye ukingo wa shaba kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, unaanzia kwenye mdomo na kushuka. Bila pampu, gesi ingepita hapo kidogo kidogo. Mashine ingepoza vizuri wiki za kwanza, ningelipa nusu iliyobaki kwa furaha, na kufikia mvua za Aprili ningekuwa natafuta mtu wa "kuongeza gesi". Wangapi mji huu wanaongeza gesi kila mwaka wakidhani gesi inaisha kama sukari?

Alikata, na safari hii akakwangua ukingo, akapaka tone la mafuta, akachanua. Halafu, sikutegemea, akasema, "Mama, lete kile kitabu chako." Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, hakuwa nayo. Akaazima kwa fundi wa pikipiki hapo barabarani, akaiweka kwenye namba, akakaza mpaka ikalia kako. Nati zote nne.

Tukanyonya tena nusu saa, akafunga, na mama akatoa chai na gurusa. Tulikula, tukanywa, pota akarudia chai mara mbili, ikapita saa nzima. Mshale haujasogea. Ndipo akafungua valvu, gesi ikaingia kwa mlio mdogo kama mtu anavuta pumzi. Akapaka povu la sabuni kwenye nati, hakuna kiputo.

Sitasema kazi ilikamilika. Nilitaka waipime uvujaji pia kwa presha ya gesi ya naitrojeni kabla ya kunyonya, hawana mtungi, nikakubali yaishe. Ile geji ya mshale inakamata uvujaji mkubwa kama wetu, ule mdogo sana haiuoni. Na usiku wa nne maji yalianza kudondoka ndani, tone, tone, kwenye pazia la mama. Nilipopiga simu fundi alikuja asubuhi iliyofuata, hakudai hata nauli. Bomba la kutoa maji lilikuwa limepinda juu kidogo kabla ya kutoka nje, na maji hayapandi mlima. Alilinyoosha, akamimina lita nzima ya maji kwenye kisinia cha kukingia maji cha mashine ya ndani huku mimi nje nimeshika ndoo, ikatoka yote. Jaribio hilo mwambieni fundi wenu alifanye siku ya kwanza, ni la dakika mbili.

Utendaji wake sasa. Nilileta kipimajoto kutoka nyumbani kwa mfanyakazi mwenzangu (cha stoo hakitoki stoo). Saa kumi jioni, chumba nyuzi 31, hewa iliyotoka kwenye mashine baada ya nusu saa ilikuwa nyuzi 15. Kwa usiku tunaiweka kwenye 25, milango imefungwa, pazia zito limeshushwa tangu mchana. Inakula kama yuniti 4 kwa usiku. Kwa bei ya yuniti ambayo iko juu ya shilingi 700, tokeni naziona zinavyokwenda, na mwezi wa Julai tutaizima turudi kwenye feni. Sauti yake ya ndani ni ndogo mpaka mama aliniuliza kama imezimika.

Fundi yule ningemwita tena, na nimeshampa namba yake shangazi yangu wa Mvara, pamoja na maagizo: muulize kwanza kama amekuja na pampu. Alipoenda huko, shangazi anasema, kabla hajasalimiwa vizuri aliiweka pampu mezani sebuleni, katikati, kama mgeni aliyeleta zawadi, akasema, "Nimetumwa na yule mama wa kitabu."

Kampuni yenyewe ndiyo inayonipa taabu. Ile 40,000 haimo kwenye karatasi yoyote. Niliomba risiti ya EFRIS, ile ya mfumo wa mamlaka ya kodi, kwa fedha zote nilizotoa, wakasema Jumatatu. Ni Jumatatu ya sita hii.